Mgogoro Ukiisha, Bakaa Ni ya Nani?

Mwishoni mwa mwaka 2013 mambo mawili yalitokea Dar es Salaam ndani ya wiki chache. EWURA, mamlaka inayodhibiti bei za nishati, iliidhinisha bei mpya za umeme, ongezeko la wastani wa asilimia 39, zianze kutumika tarehe 1 Januari 2014. Katika majuma hayohayo, fedha za Akaunti ya Escrow ya Tegeta, zilizokuwa zikitunzwa Benki Kuu kwa sababu shirika la umeme TANESCO na kampuni ya kufua umeme ya IPTL hawakukubaliana juu ya bili, zilikuwa zikitolewa na kulipwa kwa kampuni ya PAP, iliyosema imeinunua IPTL. Mteja wa Kahama aliyenunua Luku, umeme wa kulipia kabla, mwezi ule wa Januari alilipa bei mpya. Hakuna aliyemweleza kwamba pesa iliyokuwa ikigombewa Benki Kuu ilianza safari yake mfukoni mwake na mwa wateja wenzake.

Kuhusu nani alipata mgao gani yameandikwa mengi, na sitayarudia. Nataka tuliangalie swali la kihasibu ambalo lilipita bila kujibiwa wakati ule na ambalo litarudi tena. Mgogoro wa nishati au wa madini unapomalizwa kwa makubaliano, na ikaonekana kuna fedha ya kurejeshwa, au kuna bakaa baada ya kila mwenye dai kulipwa, bakaa hiyo ni ya nani? Inakaa wapi, na nani mwenye mamlaka ya kuigusa? Naliuliza nikiitazama Shinyanga na Geita, kwa kuwa huku bili ya umeme na mkataba wa dhahabu vinakutana kuliko mahali pengine popote nchini.

Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu, Katoro na Rwamagasa wanalijua swali hili vizuri. Mtu anapeleka mawe yake kwenye karasha, yanasagwa, anaosha mwaloni, anakamata dhahabu kwa zebaki na kuondoka. Mchanga unaobaki, yaani marudio, bado una dhahabu ndani yake, na mara nyingi mwenye karasha ndiye anayebaki nao na kuuchenjua kwa sianidi baadaye. Hapo hakuna aliyeiba. Hawakuandikiana chochote kabla mawe hayajaingia kwenye mtambo, na pasipo makubaliano marudio hukaa palipo na mtambo. Fedha ya usuluhishi nayo hufuata mkondo huo: isipoandikiwa mwenyewe mapema, hubaki kwa aliyeshika akaunti.

Turudi Tegeta, maana hapo ndipo somo lilipo kubwa. Mkataba wa IPTL ulisainiwa mwaka 1995, wa mtambo wa megawati 100 ulioanza kuzalisha umeme mwaka 2002. Kila mwezi TANESCO ilitakiwa kulipa mafungu mawili: gharama ya umeme uliozalishwa, na malipo ya uwezo wa mtambo. Fungu hili la pili hulipwa hata mtambo ukiwa umezimwa, kwa hoja kwamba mwekezaji ameuweka tayari na lazima mtaji wake urudi. Linakokotolewa kwa kutazama, pamoja na mengine, kiasi cha mtaji ambacho wanahisa wametia. TANESCO ikahoji: mtaji uliotumika katika hesabu ni mkubwa kuliko uliotiwa kweli, kwa hiyo malipo ya kila mwezi yamevimba. Mwaka 2006 ikafunguliwa akaunti maalumu Benki Kuu ili bili zilipwe huko mpaka ukweli wa hesabu ujulikane.

Kufungua akaunti ile ulikuwa uamuzi wa busara. Pande mbili zinapobishana juu ya kiasi, ni vyema fedha ikae kwa mtu wa tatu. Kasoro ilikuwa kwenye orodha ya washiriki. Makubaliano ya akaunti yalikuwa kati ya Serikali, IPTL na Benki Kuu kama mtunzaji. Mwananchi anayenunua umeme hakutajwa, wala haikusemwa kwamba hesabu ikikokotolewa upya na ziada ikaonekana, ziada hiyo itamfikia kwa njia gani.

Ndiyo maana Bunge lilipokaa Novemba 2014 kujadili ripoti ya Kamati ya Hesabu za Serikali, chini ya Zitto Kabwe, taifa zima liligawanyika kwa swali moja: fedha za Escrow ni za umma au si za umma? Kamati ilisema sehemu yake ni ya umma. Tarehe 22 Desemba 2014 Rais Kikwete, akizungumza na wazee wa Dar es Salaam, alisema fedha zile zilikuwa za IPTL. Mwanasheria Mkuu Frederick Werema alijiuzulu, Profesa Anna Tibaijuka akaondolewa uwaziri wa Ardhi, na Januari 2015 Profesa Sospeter Muhongo akaachia Wizara ya Nishati na Madini. Kishindo chote hicho, na bado swali lenyewe lilikuwa pungufu. Liliuliza kama mwenye mali ni Serikali au kampuni. Mtu wa tatu, aliyelipa bili iliyolipa bili, hakuwamo hata ndani ya swali.

Sasa tuje kwenye hesabu yenyewe. Februari 2014, miezi michache tu baada ya akaunti kuanza kutolewa fedha, jopo la kituo cha kimataifa cha usuluhishi wa uwekezaji, ICSID, kwenye shauri la benki ya Standard Chartered ya Hong Kong iliyokuwa imenunua deni la IPTL, lilielekeza kwamba malipo ya uwezo wa mtambo yakokotolewe upya. Septemba 2016 jopo hilohilo likaiamuru TANESCO iilipe benki hiyo dola milioni 148.4. Akaunti ilifunguliwa ili kungoja hesabu, ikafunguliwa mlango kabla hesabu haijatoka, na hesabu ilipotoka ikakuta chumba kitupu na deni linasubiri.

Hapa nina jambo moja zito la kusema. Katika nchi yetu hasara ya mikataba ya umeme ina njia inayoeleweka ya kumfikia mteja, na nafuu haina. Kampuni ya kufua umeme ya Dowans ilipopata tuzo ya usuluhishi dhidi ya TANESCO mwaka 2010, taifa lilizungumzia shilingi bilioni 94 ambazo lazima zitoke mahali. TANESCO ilipomalizana na kampuni nyingine ya umeme, Symbion, mwaka 2021, zilitajwa takribani shilingi bilioni 350, na mwaka uliofuata wabunge wakaumana juu yake. Gharama za namna hiyo huingia katika vitabu vya shirika, vitabu huenda EWURA wakati wa kuomba bei mpya au Hazina wakati wa kuomba ruzuku, na mwishowe mlipaji ni mtu mmoja yuleyule. Shirika linaposhinda, au linapobainika kutozwa kupita kiasi, hakuna utaratibu unaojulikana wa kuirudisha nafuu kwenye bei. Mto huo unaofurika upande mmoja tu hautokani na bahati mbaya, tumeuchimba wenyewe kwa kutoandika.

Sasa tuulize kwa vitendo: kama ziada ya Tegeta ingebaki salama Benki Kuu, ingerudishwa vipi kwa wateja wa ukanda huu?

Jibu la haraka ni kuigawa kwa uniti. Aliyetumia uniti nyingi alitozwa zaidi, basi arudishiwe zaidi. Ni haki kwenye karatasi. Lakini hebu tuone ni nani hao. Umeme wa gridi unafika kituo cha Ibadakuli, Shinyanga, na kutoka huko uliendelea hadi migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi iliyoko Kahama. Migodi hiyo ilikuwa miongoni mwa wateja wakubwa wa TANESCO katika kanda. Mgodi wa Geita, ambao ni mkubwa pia, kwa miaka mingi ulijizalishia umeme wake kwa dizeli. Gridi ilikuja kuukaribia baadaye, njia ya kilovolti 220 ilipojengwa kutoka Bulyanhulu hadi kituo cha Mpomvu. Kwa hiyo ukigawa kwa uniti, mgodi wa Kahama unarudishiwa mabilioni, wa Geita haupati kitu na wala haukustahili, na mkazi wa Mhunze anapata hela ya chumvi. Ukigawa kwa mkoa, unampa Geita kisichokuwa chake. Kila kipimo kina mtu kinayemnyima.

Tuchukue mfano wa kubuni, wa kuonyesha ukubwa tu. Tuseme kila uniti ilizidishiwa shilingi 5. Nyumba yenye matumizi madogo, ya uniti 75 kwa mwezi, ingedai shilingi 375 kila mwezi, yaani 4,500 kwa mwaka. Mwenye karasha anayetumia uniti 3,000 kwa mwezi angedai 180,000 kwa mwaka. Mgodi mkubwa ungedai fedha ya kujenga shule. Kwa nyumba ile, gharama ya kumtafuta mteja, kuhakiki jina lake na kumlipa inaweza kukaribia pesa yenyewe.

Marekani walikutana na tatizo hili kwa kiwango ambacho sisi hatujawahi kukiona. Kati ya 1973 na 1981 serikali yao ilidhibiti bei ya mafuta ghafi, na baadhi ya kampuni ziliuza juu ya bei iliyoruhusiwa. Mwaka 1986, baada ya kesi ndefu kuhusu mafuta ya eneo la visima la Hawkins huko Texas, Exxon ililazimika kulipa takribani dola bilioni 2.1 pamoja na riba. Lakini nani angewatafuta mamilioni ya watu waliotia petroli kwenye magari yao miaka kumi nyuma, bila risiti? Mahakama ikaamua fedha zigawiwe kwa majimbo, na zitumike kwa programu zilizotajwa kwa majina: kuziba nyumba za watu maskini zisipoteze joto, kuwasaidia bili za nishati, kuokoa umeme mashuleni na hospitalini. Kila jimbo lilitakiwa kupeleka mpango kabla ya kutumia. Likawekwa sharti moja ambalo kwangu ndilo roho ya jambo zima: fedha hizo ziongezwe juu ya bajeti iliyopo, zisichukue nafasi yake.

Sharti hilo lina uzito hapa kwetu kuliko mtu anavyodhani. Halmashauri ikipata fedha ya nje, mkono wa juu huwa mwepesi kupunguza ruzuku, kwa hoja kwamba "nyie mna migodi." Fedha ya fidia inaingia mlango wa mbele, ya bajeti inatokea mlango wa nyuma, na mwisho wa mwaka kijiji kina kilekile kilichokuwa nacho. Aliyeumizwa amefidiwa kwa pesa yake mwenyewe.

California nayo iliacha funzo la tofauti. Baada ya msukosuko wa umeme wa 2000 na 2001, wauzaji kadhaa walimalizana na jimbo hilo kwa makubaliano. Mwaka 2012 kampuni ya NRG ilikubali kutoa takribani dola milioni 120. Milioni 20 ziende kwa wateja, na milioni 100 zitumike kujenga vituo vya kuchajia magari ya umeme, vijengwe na NRG yenyewe. Washindani walipiga kelele, na walikuwa na haki ya kupiga. Mtu aliyetuhumiwa kuwatoza watu kupita kiasi anaruhusiwa kulipa fidia kwa kujijengea biashara mpya. Nalitaja hili kwa sababu kishawishi hicho kipo katika kila meza ya usuluhishi: kampuni husema, msichukue fedha taslimu, tutawajengea kitu. Wakati mwingine kitu hicho ni kizuri. Lakini kinachojengwa na mdaiwa, kwa bei aliyoipanga mdaiwa, na kubaki mikononi mwa mdaiwa, hakiwezi kuhesabiwa kuwa ni marejesho.

Sisi tuna faida moja ambayo Wamarekani wa 1986 hawakuwa nayo. Kila mteja wa Luku ana namba ya mita, na kila uniti aliyonunua imeandikwa. Tangu Agosti 2021 Serikali inakusanya kodi ya majengo kupitia mita hizohizo. Kama mfumo unaweza kukata shilingi elfu moja na zaidi kila mwezi kwenye mita ya Kakola, unaweza pia kuongeza uniti kwenye mita hiyo. Teknolojia haina kisingizio.

Hata hivyo, kodi hiyohiyo ya majengo imetuonyesha mtego. Kahama na Katoro ni miji ya wapangaji. Mita ni ya mwenye nyumba, anayenunua Luku ni mpangaji, na mpangaji wa mwaka huu siye wa miaka mitano nyuma. Ukirudisha uniti kwenye mita unamlipa anayekaa pale leo. Aliyelipa yuko Mererani au Chunya anafuata dhahabu nyingine. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: wateja wakubwa wenye bili za majina, migodi ikiwamo, warudishiwe moja kwa moja kwa kupunguziwa bili zao, na fedha ya wateja wadogo, ambayo mwenyewe hawezi kupatikana kwa haki, iwekwe pamoja na itumike kwa ajili ya kundi lilelile lililotozwa. Mfuko wa kuipokea upo. Sheria ya Nishati Vijijini ya 2005 ilianzisha Mfuko wa Nishati Vijijini, ambao tayari unapokea tozo ya asilimia 3 kutoka kwenye mauzo ya umeme. Serikali imetangaza kuwa vijiji vyote 12,318 vimefikiwa na umeme. Kazi iliyobaki iko vitongojini, na Msalala, Ushetu, Mbogwe na Nyang'hwale zina vitongoji vya kutosha kuimaliza bakaa yoyote.

Kurudishia migodi si kuitupa pesa, kama wengine watakavyolalamika. Umeme ni gharama ya uzalishaji. Gharama ikivimba, faida hupungua, na kodi ya mapato ya Serikali nayo hupungua. Gharama ikirudishwa, mapato yanapanda, kodi inapanda, na tangu 2020 Serikali ni mwanahisa wa asilimia 16 katika migodi ya Barrick. Sehemu ya pesa hiyo itarudi Hazina kwa njia yake ya kawaida.

Hapo tumefika kwenye dhahabu.

Machi 2017 makontena 277 ya makinikia, yaani mchanga wa madini, ya Bulyanhulu na Buzwagi yalizuiliwa bandarini. Kamati ya uchunguzi ya Profesa Abdulkarim Mruma ikatoa ripoti Mei, ya Profesa Nehemiah Osoro ikafuata Juni, na Julai mamlaka ya mapato, TRA, ikaidai Acacia, kampuni tanzu ya Barrick iliyoendesha migodi hiyo, dola bilioni 190, kodi pamoja na faini na riba. Oktoba mwaka huohuo yakatangazwa maelewano na Barrick, na dola milioni 300 zikaitwa kishika uchumba. Mkataba kamili ulisainiwa tarehe 24 Januari 2020. Ikaundwa Twiga Minerals, Serikali asilimia 16 na Barrick 84, na ikakubaliwa kwamba manufaa ya kiuchumi ya migodi yagawanywe nusu kwa nusu. Dola milioni 100 za kwanza zililipwa Mei 2020, na 200 zilizobaki zikapangiwa awamu tano za dola milioni 40 kila mwaka.

Watu wengi wamebishana kama milioni 300 ni nyingi au kidogo ukilinganisha na bilioni 190. Mimi nasumbuliwa na jambo lingine. Dola milioni 100 za kwanza zilikuwa takribani shilingi bilioni 230 kwa kiwango cha wakati ule. Ziliingia wapi? Kisheria jibu ni rahisi. Ibara ya 135 ya Katiba inasema mapato ya Serikali yaingie Mfuko Mkuu wa Hazina, isipokuwa pale sheria inapoelekeza vingine. Hakukuwa na sheria iliyoelekeza vingine. Zikaingia kwenye mfuko mkuu, zikachanganyika na ushuru wa forodha na kodi ya mishahara, na tangu hapo hakuna mhasibu duniani anayeweza kuonyesha shilingi ya makinikia ilijenga nini.

Linganisha na sehemu nyingine ya makubaliano hayohayo. Barrick iliahidi hadi dola milioni 40 kwa barabara ya Bulyanhulu kwenda Mwanza pamoja na makazi ya wafanyakazi, na hadi dola 6 kwa kila wakia ya dhahabu inayouzwa, kwa miradi ya jamii zinazozunguka migodi. Fedha hii ni ndogo kuliko ile ya kwanza. Lakini ina jina. Diwani wa Bugarama anaweza kusimama kwenye kikao cha halmashauri ya Msalala na kuuliza, "Barabara imefika kilometa ngapi?" Mwenyekiti wa kijiji anaweza kuzidisha wakia zilizouzwa mwaka huu mara 6 na kudai kuona madarasa. Kuhusu milioni 300 hana la kuuliza, kwa sababu hazikuandikiwa kazi. Ndani ya mkataba mmoja, fedha iliyotajwa matumizi inafuatiliwa na mtu mwenye baiskeli, na ambayo haikutajwa haiwezi kufuatiliwa hata na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG.

Hali kama hiyo tuliiona kwenye ushuru wa huduma. Kwa miaka mingi mikataba ya uendelezaji migodi iliziwekea halmashauri dola 200,000 kwa mwaka badala ya asilimia 0.3 ya mauzo iliyokuwa kwenye sheria. Madiwani wa Geita na Kahama walipigania asilimia hiyo hadi wakaipata, na waliweza kupigania kwa kuwa kiwango kilikuwa kimeandikwa mahali.

Katika mgawanyo wa nusu kwa nusu kuna kipengele kisichozungumzwa sana. Kila mwaka hesabu hufanywa kuona kama upande mmoja umechukua zaidi ya nusu yake, na ikiwa ndivyo, hurekebishwa. Hiyo ni bakaa inayozaliwa kila mwaka, wala si mara moja baada ya mgogoro. Ikionekana Serikali imepungukiwa, kiasi hicho kinalipwa lini, taslimu au kwa kukatwa mbele ya safari? Ikionekana kampuni imelipa zaidi, inafidiwa kupitia kodi ipi? Majibu ya maswali hayo yanagusa moja kwa moja bajeti ya nchi, na mwananchi wa Kahama anastahili kuyasoma kwenye ripoti ya wazi kila mwaka. Sheria ya uwazi katika rasilimali za madini, mafuta na gesi ya 2015, inayosimamiwa na taasisi ya TEITI, inazitaka kampuni na Serikali zitangaze kilicholipwa na kilichopokelewa. Malipo ya usuluhishi na marekebisho ya kila mwaka yanapaswa kuwa na mstari wake humo, kando na mrabaha, kando na kodi ya mapato.

Kwa wanaodhani nachokonoa jambo dogo, waangalie Uganda. Serikali ya Uganda ilishinda shauri la kodi dhidi ya kampuni ya Heritage Oil, kodi ya zaidi ya dola milioni 400, baada ya usuluhishi wa London. Ushindi halali, kazi nzuri ya wanasheria na watoza kodi. Baadaye ikafahamika kwamba shilingi bilioni 6 za Uganda zilitolewa kuwatunza maofisa 42 walioshiriki. Mwaka 2017 kamati ya Bunge ya mashirika ya umma ilikaa wiki nyingi kuuliza nani aliidhinisha na kwa kifungu gani. Fedha ya ushindi isiyoandikiwa kazi huanza kuonekana kama mali ya walioshinda.

Ninachopendekeza hakihitaji katiba mpya. Ibara ya 135 yenyewe imeacha mlango: sheria ikielekeza, fedha inaweza kwenda mfuko maalumu. Kifungu kimoja katika Sheria ya Fedha kingetosha. Kiseme kwamba makubaliano yoyote ya kumaliza mgogoro wa nishati au madini yawe na jedwali la mgawanyo kabla ya kusainiwa. Gharama za shauri zitangulie, zikiwa na ukomo. Wafuate waliotozwa kupita kiasi na wanaoweza kutambuliwa. Kinachobaki kiende Mfuko wa Nishati Vijijini kama chanzo ni umeme, au halmashauri zinazozunguka mgodi kama chanzo ni madini, kikiwa nyongeza juu ya ruzuku ya kawaida. Fedha yoyote iliyowekwa kusubiri hesabu isitolewe kabla hesabu haijatoka, hata pande zote mbili zikikubaliana, kwa sababu pande hizo mbili siyo wenye mali pekee. Na CAG aikague akaunti hiyo kila mwaka kwa ripoti yake yenyewe.

Hazina watapinga, na hoja yao ina nguvu. Watasema mifuko maalumu ikizidi, Serikali hukosa fedha ya kulipa walimu huku mfuko mmoja umejaa na haujatumika. Nakubaliana nao kwa mapato ya kawaida. Fidia siyo mapato ya kawaida. Ni pesa ya mtu aliyetozwa kimakosa, au ya eneo lililochimbwa kwa bei isiyo sahihi, na Serikali imeidai kwa niaba yake. Wakili anayeshinda kesi ya mteja wake haruhusiwi kuiingiza fidia kwenye matumizi ya nyumba yake kwa sababu ana watoto wa kusomesha.

Nawaomba wabunge wa Kahama, Msalala, Ushetu, Shinyanga, Geita, Busanda, Bukombe na Mbogwe, bajeti za Nishati na za Madini zitakaposomwa Dodoma, wadai majedwali mawili mezani. La kwanza lionyeshe kila awamu ya dola milioni 300 iliyopokelewa, tarehe yake na kifungu cha bajeti ilikoingia. La pili lionyeshe kila shauri la umeme ambalo TANESCO bado inalo au imelimaliza, kiasi kinachodaiwa au kilichorudi, na kilichofanyika kwenye bei ya uniti. Wasiondoke ukumbini bila majedwali hayo.